AFYA YA FAMILIA: Tiara isiyotii ndiyo inayompeleka mtoto kwenye waya

Likizo ya Juni ikianza, rweya za Kagoma hujaa watoto. Mvua za masika zimepungua, nyasi zinaanza kukauka, na mchana upepo wa kutoka upande wa Ziwa Victoria unapanda vilima vya Muleba na Bukoba. Anayehitaji mchezo hana haja ya pesa. Karatasi za daftari la mwaka jana, vijiti viwili vya matete, gundi ya ugali na uzi uliochomolewa kwenye kiroba zinatosha. Hapo tiara imepatikana, au kishada kama wengine wanavyoiita.

Wazazi wengi huitazama tiara kwa macho mawili. Jicho la kwanza linafurahi kwamba mtoto yuko nje na simu ya mama imepumzika. La pili linaona nguzo za umeme, barabara ya lami ya Bukoba hadi Muleba na bodaboda zinazopita kwa kasi. Wengine humaliza jambo kwa neno moja: marufuku. Mtoto huitikia, kisha huenda kurusha mahali ambapo hakuna mtu mzima wa kumwona.

Ipo njia ya tatu, nayo inaanzia kwenye tiara yenyewe. Ajali nyingi za mchezo huu zina mwanzo unaofanana. Tiara inazunguka ovyo, inapiga mbizi upande mmoja au inakatika uzi. Mtoto anaikimbilia huku macho yakiwa juu, na mwisho wake ni barabarani, juu ya mti, juu ya bati au chini ya waya. Tiara iliyotengenezwa vizuri hukaa pale ilipoelekezwa, na mtoto hukaa pale alipoambiwa. Kwa hiyo mzazi anayejua kwa nini tiara hutii au hukataa tayari anafanya kazi ya kinga.

Faida ipo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya kati au zaidi. Kupanda rweya, kukimbia na tiara hadi ishike upepo, kuikunja na kuanza upya ni sehemu ya dakika hizo.

Macho nayo hufaidika. Utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015 ulifuatilia wanafunzi wa darasa la kwanza kwa miaka 3. Katika shule zilizoongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku, watoto wapatao 30 katika kila 100 walipata tatizo la kutoona mbali. Katika shule ambazo hazikuongeza, walikuwa karibu 40. Mwanga wa nje unalisaidia jicho la mtoto linalokua.

Tahadhari moja ya macho ni muhimu. Kulitazama jua moja kwa moja kunaweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho, na maumivu hayasikiki. Mtoto asimame mahali ambapo tiara yake haipiti mbele ya jua.

Kwa nini tiara huzunguka ovyo

Tiara ya kawaida ya watoto ina miti miwili: mti wa kati unaosimama kama uti wa mgongo, na mti wa mkingamo. Ikizunguka kama pia, mtoto husema, "Baba, upepo mbaya." Mara nyingi upepo hauna kosa. Zipo sababu nne za kuangalia, na kila moja hupimika kwa dakika chache.

Ya kwanza ni uzito wa pande mbili. Mzazi aishike tiara kwa ncha mbili za mti wa kati, iwe imelala kama meza, kisha aone ni upande gani unaoshuka. Upande wenye karatasi iliyobandikwa mara mbili, gundi nyingi au kijiti kinene utashuka, na angani tiara itakuwa inapindia huko huko. Tiba ni kupunguza upande mzito, au kubandika kipande kidogo cha karatasi upande mwepesi.

Ya pili ni umbo la kifua. Tiara iliyo bapa kabisa haina kitu cha kuirudisha inapoinama. Mti wa mkingamo ukikunjwa kidogo kwa uzi nyuma yake, mithili ya upinde, mabawa mawili hurudi nyuma na kifua hutokeza mbele. Sasa ikiinama kulia, bawa la kulia hupokea upepo mwingi zaidi na kuisukuma irudi.  Mmarekani William Eddy alijulikana miaka ya 1890 kwa tiara za namna hii, ambazo ziliruka bila mkia.

Ya tatu ni mkia. Kazi yake si urembo. Upepo huukokota, na mkokoto huo huivuta sehemu ya chini ya tiara ikae chini na kichwa kikae juu. Mkia mfupi mno huiacha tiara ikizunguka, na mzito mno huizuia kupanda. Vitambaa vyepesi vilivyofungwa kwenye uzi mrefu ni bora kuliko kitambaa kimoja kizito, kwa sababu kinachohitajika ni mkokoto. Kipimo kizuri cha kuanzia ni mkia wenye urefu wa mara 5 hivi ya tiara, kisha upunguzwe au uongezwe kidogo kidogo.

Ya nne, na ndiyo inayosahaulika zaidi, ni hatamu.

Hatamu ndiyo usukani

Hatamu ni zile nyuzi fupi zinazofungwa kwenye mti wa kati, juu na chini, na kukutana mbele ya kifua cha tiara. Uzi mrefu wa kurushia hufungwa pale zinapokutana. Fundo hilo ndilo linaloamua tiara itaupokea upepo kwa pembe gani.

Fundo likisogezwa juu kuelekea kichwani, tiara hulala zaidi. Upepo hupita chini yake kwa urahisi, nayo huvuta kidogo na kupanda juu zaidi ya kichwa cha mrushaji. Hiyo inafaa upepo ukiwa mkali. Likizidi kwenda juu, tiara hupepesuka na kuanguka kwa kichwa.

Fundo likishushwa kuelekea mkiani, tiara huukabili upepo kwa kifua chote. Huvuta kwa nguvu na kukaa chini chini. Inasaidia kidogo upepo unapokuwa dhaifu, lakini fundo likishuka mno tiara hukataa kupanda, au huzunguka hadi ardhini.

Tofauti ya kidole kimoja tu huonekana. Kwa hiyo fundo liwe la kutelezeshwa, siyo la kukazwa moja kwa moja. Mtoto anayejua kusogeza fundo hana haja ya kukimbia nusu kilomita akiiburuta tiara iliyogoma. Husimama, hulisogeza na hujaribu tena. Mguu wake unabaki rweya, haufiki barabarani.

Tiara ya nyuzi mbili

Kwa watoto wakubwa, wa miaka 10 na kuendelea, ipo tiara ya kuchezesha: ina nyuzi mbili, mmoja kila mkono. Kuvuta wa kulia huipeleka kulia, kuvuta wa kushoto huipeleka kushoto. Hupiga mizunguko, husimama ghafla na hushuka pale mrushaji anapotaka.

Wazo hili lina historia ndefu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Paul Garber alibuni tiara ya kuongozwa kwa nyuzi mbili, ikatumiwa na jeshi la majini la Marekani kufundishia wapiga mizinga shabaha. Mwaka 1948 Francis Rogallo na mkewe Gertrude walibuni bawa laini la pembe tatu lisilo na miti migumu. Katika miaka ya 1970 Mwingereza Peter Powell aliifanya tiara ya nyuzi mbili kuwa mchezo uliopendwa na familia nyingi.

Tiara za aina hii zinazouzwa siku hizi nyingi zina umbo la pembe tatu pana. Fundi wa nyumbani anaweza kujaribu kwa matete na karatasi ngumu au kitambaa chepesi. Akijaribu, mambo haya ndiyo yatakayobadilisha tabia yake angani.

Upana na kina. Bawa refu na jembamba huenda kasi. Bawa fupi lenye kina kirefu ni la pole na hukaa imara. Mtoto anayeanza apewe la pole.

Uzito. Miti mizito huhitaji upepo mkali ili tiara ipande, na ikianguka huumiza zaidi. Uzito ukikusanyika kwenye ncha za mabawa, tiara huchelewa kugeuka, na ikishaanza kugeuka huchelewa kuacha.

Kukaza kwa kitambaa. Kitambaa kilicholegea hujaa upepo kama tanga na kuvuta sana. Kilichokazwa vizuri hukata upepo na kukimbia kwa mvuto mdogo.

Urefu wa nyuzi. Nyuzi mbili lazima zilingane. Mmoja ukiwa mfupi hata kwa upana wa vidole viwili, tiara itapindia upande huo muda wote na mtoto ataamini hajui kurusha. Mzazi afunge ncha zote mbili kwenye msumari mmoja, atembee nazo hadi mwisho, azivute pamoja na kuzikata sawa. Mita 20 hadi 25 zinatosha.

Lipo jambo moja linalomwokoa mtoto anapozidiwa nguvu. Tiara huvuta zaidi ikiwa mbele kabisa ya mrushaji, upande upepo unakoelekea. Ikipelekwa pembeni kabisa, kulia au kushoto, mvuto hupungua hadi inashuka yenyewe. Mtoto afundishwe kuishusha pembeni kabla ya kufundishwa kupiga mizunguko.

Upepo ukiongezeka mara mbili

Nguvu ya upepo haiongezeki kwa hesabu ya kawaida. Upepo ukipanda kutoka kilomita 10 kwa saa hadi 20, tiara ile ile huvuta mara 4. Ndiyo maana tiara iliyokuwa ya kirafiki saa nne asubuhi inaweza kumburuta mtoto wa miaka 7 saa tisa alasiri.

Hakuna haja ya kipimo cha dukani. Majani ya miti yakicheza muda wote na bendera nyepesi ikinyooka, huo ni upepo wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa, mzuri kwa watoto. Miti midogo ikianza kuyumba mizima, upepo umefika kilomita 29 au zaidi. Hapo tiara zikunjwe.

Mahali nako kunabadilisha upepo. Nyuma ya nyumba na ndani ya kibanja, migomba huuvunja vunja upepo, nao hufika ukiwa vipande. Tiara nzuri kabisa huonekana mbovu pale. Rweya ya wazi, mbali na miti, ndiyo shule ya tiara.

Kwa vijiji vya mwambao, mchana upepo kwa kawaida hutoka ziwani kuja nchi kavu, na tiara huelea juu ya ardhi. Usiku na alfajiri hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Tiara ya asubuhi na mapema inaweza kuangukia majini, na mtoto akaifuata. Sheria ya nyumbani iwe fupi: tiara iliyoingia ziwani imeshapotea, itatengenezwa nyingine.

Uzi una hatari zake

Nailoni ya kuvulia samaki ni nyembamba na haikatiki kirahisi, kwa hiyo watoto huipenda. Lakini ikikazwa na upepo hukata ngozi ya vidole kama wembe, na ikitanda barabarani hukaa sawa na shingo ya mwendesha bodaboda. Jimbo la Punjab nchini Pakistan liliwahi kupiga marufuku urushaji wa tiara kwa sababu ya vifo vilivyotokana na nyuzi za aina hiyo na zile zilizopakwa vumbi la kioo. India nayo ilizuia nyuzi za nailoni za mchezo huo mwaka 2017.

Uzi wa pamba au wa kiroba uliosokotwa ni bora. Uviringishwe kwenye kijiti kinene, usifungwe kiunoni wala mkononi. Mtoto lazima aweze kuuachia wakati wowote.

Waya wa chuma, waya wa shaba uliotolewa kwenye mota na karatasi ya kung'aa ya aluminiamu visiguse tiara kabisa. Hata uzi wa pamba ukilowa hupitisha umeme. Nyaya zinazopita kwenye nguzo ndefu vijijini zinaweza kubeba volti 11,000 au 33,000, wakati umeme wa ndani ya nyumba ni volti 230.

Kipimo cha mahali pa kurushia ni rahisi: nguzo ya umeme na barabara viwe mbali kuliko urefu wa uzi wote. Mtoto mwenye uzi wa mita 30 akisimama mita 50 kutoka kwenye nguzo, tiara haiwezi kuufikia waya hata ikianguka upande huo. Karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba tiara isirushwe.

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, tiara ishushwe na watoto waingie ndani ya nyumba, siyo chini ya mti. Wakae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ajali ikitokea

Tiara imenasa kwenye waya: iachwe. Hakuna fito, ngazi wala jiwe. Tanesco wapigiwe simu.

Mtoto amepigwa na umeme: asiguswe akiwa bado amegusana na waya. Kama ni umeme wa ndani, swichi kuu izimwe kwanza. Kama ni waya wa nguzo, watu wote wakae mbali hadi Tanesco wakate umeme. Akishatenganishwa na umeme apelekwe hospitali hata kama anaongea na kutembea, kwa sababu umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuunguza ndani bila alama kubwa nje.

Ameungua: sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya mswaki, mafuta na unga visipakwe.

Amekatwa na uzi: kidonda kibanwe kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Kidonda kirefu kipelekwe kituo cha afya pamoja na kadi ya kliniki, ili mhudumu aone kama chanjo za pepopunda zimekamilika. Chanjo hizo huanza mtoto akiwa na wiki 6, kisha wiki 10 na 14.

Ameanguka kutoka kwenye mti au paa: kama analalamika shingo au mgongo, au hajitambui, asinyanyuliwe ovyo. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au akipata degedege baada ya kugonga kichwa, awahishwe hospitali, hata kama dalili zimeanza saa kadhaa baadaye.

Jumamosi moja inatosha

Mzazi hahitaji kuwa fundi. Jumamosi moja ya kukaa na mtoto kibarazani inatosha kupima uzito wa mabawa, kukunja mti wa mkingamo, kufunga mkia na kulitelezesha fundo la hatamu. Kisha waende pamoja rweya mara moja, mzazi amwonyeshe mahali pa kusimama na mpaka wa kutovuka.

Kabla ya kumwachia aende na wenzake, amuulize maswali matatu. Tiara ikizunguka, utafanya nini? Ikivuta kuliko nguvu zako, utafanya nini? Ikinasa kwenye waya, utafanya nini? Majibu ni mafupi: nitasogeza fundo, nitaipeleka pembeni au nitaachia uzi, nitaiacha na kuja kukuambia.

La tatu linahitaji ahadi ya mzazi pia. Mtoto anayejua kwamba atachapwa kwa kupoteza tiara na uzi ndiye anayepanda nguzo kuifuata. Anayejua kwamba baba au mama atasema "Tutatengeneza nyingine" huja nyumbani mikono mitupu, akiwa mzima.